Kofia za Samadi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nasema hivyo kifua mbele, na anayetaka kubisha ashuke pale stendi ya Bunda aulizie nyumba ya mwenye malori, hata mtoto atamwonyesha. Nimeona kiboko ameingia sokoni Mwigobero alfajiri, akalala juu ya mafungu ya dagaa kama mtu aliyelipa ushuru. Nimeshusha mlima lori lisilo na breki, nyuma magunia ya pamba, mbele ng'ombe wa watu wanavuka, nikafika chini na pamba yangu, na ng'ombe wao wote wazima. Nilianza na beseni la furu, visamaki vya ziwani, kichwani. Kutoka beseni nikaenda baiskeli, kutoka baiskeli nikaenda lori, na leo malori ni mawili. Shule nimesoma mpaka darasa la pili, na la pili lenyewe sikulimaliza, lakini watu wenye vyeti ndio wanaoniamkia kwanza.

Mtu mmoja tu alinishangaza nikiwa mtu mzima na akili zangu, tena kwa neno moja, naye alikuwa amekaa chini anamenya muhogo. Nitafika huko. Kwanza nieleze alivyokuwa, maana nikianza na lile neno hamtanielewa, na nikimweleza yeye peke yake bila kujiweka na mimi nitakuwa nimewadanganya.

Jina lake silitaji. Hata tulipokuwa tunaishi naye hatukulitumia. Tulimwita Katekista, na mpaka leo namwita hivyo, ingawa ukatekista wenyewe alikuja kunyang'anywa. Padri wetu alikuwa anakuja na pikipiki mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote tulikuwa mikononi mwa Katekista. Hiyo ilikuwa upande wa Buswahili, kabla serikali haijatukusanya vijijini, kila mtu akiishi na kilima chake.

Alikuwa mfupi, na anaimba vibaya. Nasema ukweli, alikuwa anaanzisha wimbo juu sana mpaka ukifika ubeti wa pili kanisa zima linapiga kelele kama watu wanaofukuza nyani, halafu anatuangalia sisi kwa hasira kana kwamba ndio tuliokosea. Na sukari! Katekista alikuwa na mapenzi ya sukari yasiyo ya kikristo. Akija kwako anakunywa chai yenye sukari yako, vijiko vinne, na mfukoni amefunga yake kwenye karatasi, anarudi nayo nyumbani salama. Mke wake, mama mmoja wa maneno makavu, alikuwaga anasema, "Baba akifa msimpake mafuta, mpakeni sukari, atafufuka."

Jumapili anahubiri uvumilivu. Jumatatu unamwona anakimbia bondeni na mawe mkononi anafukuza mbuzi. Mbuzi wote wa dunia kwake walikuwa na jina moja. "Herode! Herode wewe! Toka kwenye watoto wangu!"

Watoto wenyewe walikuwa miti. Kuna mti wa jamii ya mkuyu, wa mwitu, majani mazito, ukiuchubua unatoa maziwa meupe yanayonata. Vitunda vyake vikiiva ndege aina ya ninga wanajaa humo mpaka matawi yanacheka. Kwetu tunauitaga mugumu. Huu Katekista hakuotesha kwa mbegu. Alikuwa anakata tawi zima, refu kumpita yeye, anaita nguzo, anaichomeka ardhini na inakuwa mti. Kwetu mji wa mtu bila mugumu langoni ulikuwa bado ni kambi, hata ungekuwa na ng'ombe mia. Na nguzo ya lango ikifa kabla ya mvua ya pili, yaani msimu wa pili, watu wanaanza kusemea pembeni kwamba ardhi imemkataa mwenyewe. Wengi walikuwa wanahama. Sikatai wala sikubali, naeleza ilivyokuwa.

Padri hakuupenda huo mti, kwa sababu wazee wa zamani walifanyia matambiko chini yake. Siku moja alimsema Katekista mbele yetu, baada ya misa.

"Huu mti ni wa Mungu gani, Katekista?"

"Padri, una maziwa, una ndege, una kivuli. Kama ni wa Mungu mwingine basi huyo naye anafanya kazi nzuri."

Tulishikilia vicheko mpaka pikipiki ikapotea. Lakini mimi niliona jambo jingine. Kwenye mugumu mkubwa wa kijitoni, ule ambao hakuna anayejua nani aliupanda, Katekista alikuwa anavua kofia akipita. Nikamuuliza. "Kichwa kinataka upepo, mura," alinijibu, maana kwetu kijana ni mura. Saa saba mchana, jua la kupasua mawe, na yeye ana upara.

Nguzo zake hakuuza. Hilo mlishike. Tajiri mmoja wa duka huko Musoma alimletea ndama kwa ajili ya nguzo za kuzungushia uwanja. Katekista akamrudishia ndama wake, akamkatia nguzo bure, halafu wiki nzima akamtukana kila alipopata wasikilizaji. "Ananiletea ndama! Kwani mimi nimeuzaga watoto?" Ukipewa nguzo ikashika, sharti lilikuwa moja, na wewe umkatie mtu mwingine. Basi. Na aliringa. Mimi nikiringa mnasema kwa sababu ya pesa, lakini yeye aliringa kwa miti kuliko mimi na malori. "Nguzo yangu haijawahi kufa. Tafuta Buswahili yote, nenda Butiama, nenda mpaka ziwani. Ikifa, njoo unikate na mimi."

Siku nilipooa nikajenga nyumba yangu ya kwanza, ya udongo na nyasi, alikuja asubuhi bila kuitwa, begani nguzo nene kama mkono wangu.

"Mura, lango lako liko wapi?"

"Lango gani, Katekista? Sina hata ng'ombe."

"Sikukuuliza ng'ombe. Nimeuliza lango."

Nikamwonyesha mahali popote tu, kwa aibu. Akailaza nguzo chini akaanza kunifundisha, na alivyofundisha ndivyo nitakavyowaambia, maana ni kazi ya kweli na mtu akitaka anaweza kuifuata. Unakata kabla mvua hazijaanza, kwenye tawi lililokomaa, si lile laini la juzi. Huipandi siku hiyo hiyo. Unaiegemeza kivulini siku kadhaa mpaka maziwa yakauke kwenye kidonda, kwa sababu ikiingia ardhini inavuja itaoza. Shimo ni la kuzidi goti, unalichimba kwa mtaimbo, na udongo unaushindilia mpaka nguzo isicheze.

"Sasa angalia. Huku mguuni nimekata mshazari, kama kalamu. Huku kichwani nimekata bapa, halafu nikavalisha kofia." Kofia ilikuwa samadi mbichi ya ng'ombe, bonge la ngumi mbili, ili jua lisiinyonye nguzo kwa juu. "Kofia ndiyo kichwa, kalamu ndiyo mguu. Hata kipofu anajua."

"Na mtu akipanda kichwa chini?"

"Wewe nikikupanda kichwa chini utakula nini?"

Tukacheka. Akapanda. Wiki chache baadaye nguzo ikatoa majani, nikamkimbilia kanisani kumwambia imeshika. Akaja akaangalia, hata hakutabasamu.

"Haya majani ni ya uongo. Huyu ni kama mgeni aliyekuja na muhogo wake mfukoni, anakula akiba aliyotoka nayo nyumbani. Akimaliza akiba ndio tutajua kama amepata jiko hapa. Subiri mvua ya pili." Mimi nikaishika nguzo nikaitikisa kidogo, kuona kama ina mizizi. Akanichapa mkono. "Wewe ukilala natikisaga mguu wako nijue kama una mizizi?"

Ilishika. Chini ya ule mugumu ndipo nilipotandika gunia langu la kwanza la dagaa. Chini ya ule mugumu ndipo Katekista aliponifundisha kusoma kwa kuchora mchangani, na kujumlisha, na kutoa, kwa sababu alisema mtu anayeuza bila kujua kutoa anatoa bila kujua. Hesabu zote ninazohesabu leo zilianzia pale kwenye mchanga, na fimbo yake ikinigonga kidole nikikosea.

Sasa nije kwenye vijiji.

Operesheni ilipofika kwetu nilikuwa tayari nimenunua lori, lililotumika, bovu bovu, lakini langu. Nililipaka rangi ya kijani mwenyewe kwa brashi. Rangi ilikuwa bado inanuka. Nalieleza hili lori kwa sababu bila kuelewa nilivyolipenda hamtaelewa nilichofanya, na sisemi hivyo ili mnihurumie.

Mahali tulipopangiwa palikuwa uwanda mtupu kando ya barabara, hakuna mti wa kumficha kuku. Watu hawakutaka. Wazee walikaa vilimani kwao wakasema watakufa na migumu yao. Mwenyekiti wa kijiji kipya, kijana mmoja wa sauti kubwa ila si mtu mbaya, alikuwa anahangaika, maana huku juu wanamdai watu na huku chini watu hawaji. Aliyemsaidia ni Katekista. Alizunguka kilima kwa kilima akiwaambia, "Twendeni. Mimi nitawakatia nguzo, kila lango. Hamtalala kambini, mtalala mjini kwenu." Kwa ajili ya lile neno watu walishuka. Si kwa ajili ya Mwenyekiti, wala mgambo. Walishuka kwa ajili ya nguzo za Katekista ambazo hazijawahi kufa. Wakampa na uhazini wa kijiji, kwa kuwa anajua kuhesabu na hanywi pombe.

Alikata muda mrefu, yeye na mke wake. Waliziegemeza kivulini kando ya kanisa, mguu mshazari, kichwa bapa, na asubuhi ya kupakia akazivalisha zote kofia. Halafu akarudi nyuma vilimani kuwaleta wazee wa mwisho na ng'ombe wao kwa miguu. Nguzo akaniachia mimi. "Mura, wabebe vizuri wanangu."

Nilipoanza kupakia na wapakizi wangu, samadi ikaanza kuchuruzika. Kwenye bodi. Kwenye rangi yangu ya kijani. Na nguzo zenyewe zilikuwa ndefu, lango la nyuma halifungi. Nikasema shusheni, leteni msumeno. Nikakata vichwa vyote pamoja na kofia zao. Nikaona sasa ile miguu ya mshazari inachubua mbao, nikainyoosha na yenyewe. Zikalala mle ndani sawasawa kama chaki kwenye boksi, na lango likafunga. Nilifurahi, kwa kweli. Nilirudi hatua nyuma nikaziangalia.

Mpakizi mmoja akasema, "Tajiri, Katekista atatuua."

"Katekista ana lori?"

Wakacheka. Tukaondoka.

Kule tulikuta Mwenyekiti anarukaruka, wageni wa wilaya wanakuja, anataka kila lango liwe na mti kabla hawajafika. Aliwakabidhi kazi vijana wa mgambo waliotoka upande mwingine, watu wasioujua mugumu, nao wakapanda zote jioni ile ile, wanashika nguzo yoyote, upande wowote. Siwezi kusema sikuwaza. Kijana mmoja aliigeuza nguzo mkononi, akaigeuza tena, akaniangalia kama mtu anayetaka kuuliza. Nikawasha lori.

Katekista alifika na ng'ombe kesho yake. Jambo la kwanza lililomtoka halikuwa salamu.

"Kofia za wanangu ziko wapi?"

"Zimedondoka njiani, Katekista. Barabara mbovu."

Akaangalia barabara. Akaliangalia lori. Macho yake wakati ule yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na miwani alikataa, alisema miwani ni ya makarani. Akacheka. "Barabara ya Buswahili hii! Hata mtu mwenye shingo kofia inamtoka." Akachukua ndoo. Siku nzima alizunguka na mke wake lango kwa lango akivalisha nguzo kofia mpya za samadi, akipapasa, akisemesha kila moja. Alikuwa anavalisha na zile zilizosimama kichwa chini. Alizivalisha miguuni, akizipigapiga bila kujua. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini mwa lori nakula mahindi ya kuchoma.

Jioni akaja kunilipa, kwa kuwa ndiye mhazini. Shilingi themanini na tano, tripu ya nguzo. Akanihesabia mkononi, noti kwa noti, akaniambia asante kwa kubeba.

Nguzo zilitoa majani. Zote, au karibu zote. Wageni wa wilaya walipita wakapiga makofi, Mwenyekiti akafuta jasho, akaitwa mfano wa kuigwa. Katekista peke yake ndiye aliyekuwa ananung'unika, "Msipige makofi. Mgeni anakula muhogo wake." Walimwona mzee mwenye wivu. Kiangazi kilipokuja, akiba ikaisha. Kama nusu ya nguzo zikaanza kunyong'onyea, majani yakadondoka, gome likakunjamana. Na hapo ndipo palipokuwa pabaya zaidi kuliko kama zingekufa zote. Zingekufa zote watu wangesema jua. Sasa lango hili limeshika, la jirani limekufa, la tatu limeshika. Watu walisoma mle ndani kitu ambacho hakikuwemo. Mwanamke mmoja mwenye lango kavu alisimama barabarani akaniambia, "Ardhi imetuchagua, wengine imetukataa, utafanyaje?" Nikamwambia ni jua, mama. Usiku wao wakafunga vyombo wakarudi vilimani, mgambo wakawafuata, wakawarudisha, wakaondoka tena. Kuna nyumba ziliezuliwa nyasi ili wasirudi. Niliyaona hayo nikiwa nasomba pamba.

Mwenyekiti akabanwa na wakubwa wake, na mtu aliyebanwa anatafuta wa kumbana. Akaitisha mkutano.

"Katekista," alisema, "miaka yote umetuambia nguzo yako haijawahi kufa. Ni kweli au uongo?"

Angesema uongo, angepona. Angesema jamani huwa zinakufa, moja moja, kama miti yote. Lakini alisimama pale, mfupi, na majivuno yake.

"Ni kweli. Haijawahi."

"Basi hizi zimekufaje?"

Niliona mdomo wake unatafuta.

"Kazifunga!" mtu akapaza sauti nyuma. "Anatuhubiria kanisani, kwenye mugumu anavua kofia! Hakutaka tukae huku!"

Wengine wakaitikia. Waliokuwa na malango makavu ndio waliopiga kelele zaidi. Mwenyekiti akanyoosha mkono watu wanyamaze, akanigeukia mimi.

"Dereva. Wewe ndiye uliyezibeba. Kuna chochote uliona?"

Neno la kusema lilikuwa moja tu. Nilizikata. Lakini siku zile mtu akiambiwa amehujumu kijiji haikuwa mchezo, lori lingeweza kuondoka na mimi nikabaki nimesimama. Na wiki ile ile Mwenyekiti alikuwa ameniahidi tenda ya kubeba pamba yote ya kijiji mpaka Bunda.

"Mimi nilibeba mzigo, Mwenyekiti," nilisema. "Sikuona kitu."

Sasa sikilizeni. Katekista aliniinamishia kichwa. Alinishukuru. Alidhani nimemtetea, alidhani nimesema kwamba sikumwona akifanya uchawi. Akawageukia watu. "Mmesikia? Hata dereva hakuona kitu."

Nimepigwa na majambazi njia ya Serengeti, nimevunjwa mbavu mbili. Sijapata kuumia kama pale.

Walimvua uhazini siku ile. Padri aliposikia habari ya mugumu na kofia, alikuja na pikipiki akachukua kengele ya kanisa na kitabu cha mafundisho, akavifunga nyuma ya kiti. Sikumsikia Katekista akijitetea kwa Padri. Mke wake ndiye aliyesema, akiwa mlangoni: "Chukua na wimbo, Padri, labda wewe utauanzisha vizuri." Halafu wakahamia Bukima kwa dada yake, kando ya ziwa, Katekista huyo huyo ambaye maisha yake yote aliogopa maji na kusema samaki ni nyoka waliobatizwa.

Mimi nilipata ile tenda. Kutokana na tenda nikanunua lori la pili. Nyumba ya Bunda, ya tofali na bati, yenye sebule watu wanayoizungumzia, imetoka humo humo. Siwezi kuyatenganisha, nimejaribu.

Nyumba ilipokwisha nikamfuata mama yangu mzazi aje akae na mimi azeeke vizuri. Alishuka kwenye lori, akaitazama nyumba, akatazama geti la chuma nililochomelewa Musoma.

"Mugumu uko wapi?"

"Mama, hii ni Bunda, barabarani. Kuna geti."

"Hapa ni kambi. Mimi silali kambini."

Na hakulala. Akarudi kwa dada yangu siku hiyo hiyo. Nikakata nguzo mwenyewe, nikapanda alivyonifundisha, mshazari, bapa, kofia. Ikatoa majani ikafa. Nikapanda nyingine, ikafa. Majirani wakaanza kunitazama. Mama akaleta ujumbe: nenda kwa Katekista, yupo hai.

Nilikwenda Bukima na kilo mbili za sukari, na ilikuwa miaka ile ya sukari kupatikana kwa kujuana. Nilimkuta amekaa chini ukutani kwa dada yake, anamenya muhogo kwa kisu kidogo, macho meupe kabisa. Mke wake alikuwa anaanika dagaa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na migumu imesimama mstari mzima kuelekea ziwani, mikubwa, ninga wanapiga kelele humo.

"Katekista, shikamoo."

"Marahaba. Hiyo sauti ni ya lori."

"Ndiyo mimi, baba."

"Umenenepa. Hatua zako zimekuwa nzito."

Nikampa sukari. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipima, akaisukuma chini ya mguu wake upande ambao mke wake hawezi kufika. Mke wake akasema, "Kaka, umemwua." Tukacheka wote, na mimi nikaona mambo yamekuwa mepesi. Nikaeleza shida yangu, nyumba, mama, nguzo zangu kufa.

"Uliziegemeza kivulini?"

"Ndiyo."

"Hukuzitikisa?"

Nikainama kufuta vumbi kwenye kiatu.

"Huyu bado anatikisa," alimwambia mke wake. Akasimama akishika ukuta, akaenda nyuma mwenyewe, kwa kupapasa, akarudi na nguzo iliyokuwa imeshakaushwa maziwa. Akaipitisha vidole toka huku mpaka huku, akitafuta vile vijicho vya kuchipulia vinaangalia wapi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeugeukia mlango. Nyuma ya mlango kulikuwa na komeo, gogo kavu la mugumu. Pande zote mbili limekatwa kwa msumeno, bapa, sawasawa kama chaki. Ubavuni lilikuwa na mkwaruzo wa rangi ya kijani.

Sijui alilitoa lini ardhini. Sijui nani alimwambia habari ya ile rangi, kama ni mke wake, au kama macho yake ya wakati ule yalitosha kwa jambo moja la mwisho. Miaka yote hiyo amekuwa akifungia mlango usiku na hilo komeo.

"Kichwa ni hiki," alisema, akinipa nguzo. "Nitakuvalisha kofia hapa hapa, usiseme imedondoka."

Mke wake akaacha dagaa. Nikasema, "Katekista, mimi..."

"Tutengeneze kwanza bei."

"Bei?" Mke wake alishtuka kuliko mimi. "Baba, tangu lini?"

"Huyu ni mfanyabiashara. Mtu wa bei umpe bei, usimdharau." Akakaa chini tena, akatafuta kisu chake, akaendelea na muhogo. Halafu akalitaja lile neno moja, bila kuinua uso, kama mtu anayejibu saa ngapi.

Sikupunguziwa, wala sikuomba. Nilihesabu mkononi mwake, noti kwa noti, kama alivyonihesabia yeye ile jioni ya tripu, na yeye akazipapasa moja moja kama alivyonifundisha mchangani, zikatimia. Nikasubiri aniambie basi, mkatie na mwingine. Hakuniambia. Ile nguzo nilinunua, imeishia kwangu.

Imeshika. Sikuigusa hata kidole mpaka mvua ya pili. Sasa ni mti, mama analala kwangu, na ninga wanachafua geti kila asubuhi. Wageni wakija wanauliza gharama, na mimi napenda kuulizwa, nawatajia saruji, nawatajia bati, nawatajia chuma cha geti. Wakifika kwenye mugumu wanasema huu bila shaka ulipewa bure, migumu huwa haiuzwi. Nawaambia huu uliuzwa. Shilingi themanini na tano.